SOMO LA VIKUNDI: TUANZE NA MRABA MMOJA

Lengo la somo: Kuwasaidia wanavikundi kuanza kazi mpya ya mikono kama burudani, kwa vifaa vichache, na kutambua wakati wa kuifikiria kama mradi wa kuongeza kipato.

Muda: Vipindi 2 vya saa moja na nusu kila kimoja.



Vikundi vingi vya akina mama, vijana na wastaafu katika sharika zetu huanza na neno moja: mradi. Siku ya kwanza wanachama wanakubaliana kufuma vitambaa vya makochi. Siku ya pili wanachangia fedha za nyuzi. Siku ya tatu wanauliza soko liko wapi. Kabla mwanachama hata mmoja hajamaliza kitambaa kimoja, daftari la faida limekwisha kufunguliwa. Baada ya miezi michache nyuzi zimebaki kwenye mfuko kabatini, na wale waliotoa fedha zao wanaona aibu kukutana. Kilichopotea hapo ni fedha, na pia ushirika.

Somo hili linapendekeza mpango mwingine. Tujifunze kwanza kwa kujiburudisha, kwa kifurushi kidogo cha vifaa, tumalize kitu kimoja kidogo, na swali la soko lisubiri mpaka mikono iwe imeijua kazi.

KIFURUSHI NI NINI?

Kifurushi cha kazi za mikono ni mfuko au kisanduku chenye kila kinachohitajika kutengeneza kitu kimoja, pamoja na maelezo ya hatua kwa hatua. Siku hizi vifurushi vya namna hii huuzwa katika maduka ya miji mikubwa na kwa njia ya intaneti. Vipo vya kufuma, kudarizi, kutunga shanga, kutengeneza mishumaa na kuchora.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika jiji la Detroit nchini Marekani, msanii Dan Robbins aliyefanya kazi katika kampuni ya rangi ya Palmer alibuni picha zilizogawanywa katika vipande vidogo vyenye namba. Kila namba ilikuwa na rangi yake ndani ya kisanduku. Robbins alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na habari aliyowahi kuisikia, kuwa Leonardo da Vinci aliwapa wanagenzi wake sehemu za kazi zilizowekewa namba. Wachambuzi wa sanaa walizidharau picha hizo, lakini watu walinunua visanduku kwa mamilioni. Mtu ambaye hakuwahi kushika brashi aliweza kumaliza picha na kuitundika ukutani.

Kwa nini kifurushi humsaidia anayeanza? Kwanza, kinampunguzia maamuzi, maana vifaa vimekwisha kuchaguliwa. Pili, kina kiasi kidogo, kwa hiyo hasara ni ndogo kama kazi haikumpendeza. Tatu, mwisho wa kazi unaonekana tangu mwanzo.

Wazee wetu waliijua busara hii bila kuwa na visanduku. Anayejifunza kusuka mkeka haanzi na mkeka. Huanza na ukili mwembamba wa miyaa michache, akaurudia hadi usukaji wake uwe sawa. Mkeka wenyewe ni ukili mrefu ulioshonwa pamoja.

MFANO KUTOKA AYALANDI

Historia ya kufuma kwa ndoano inatupa funzo linalohusu vikundi vya kanisa. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi nchini Ayalandi, na njaa kubwa ikafuata kwa miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wengi wakahama nchi. Katika mji wa Clones, mke wa mchungaji wa Kianglikana, Cassandra Hand, alianzisha mafunzo ya kufuma mwaka 1847 ili familia zipate chochote. Watawa wa Kikatoliki nao walifundisha kazi hiyo katika sehemu nyingine za nchi.

Kazi iligawanywa. Wanawake walifuma vipande vidogo vyenye umbo la waridi, majani au zabibu, na wengine waliviunganisha kuwa kola au gauni. Hakuna aliyelazimika kujua kila kitu ndipo aanze. Kipande kidogo kilichofumwa vizuri kilikuwa na nafasi yake.

Lakini funzo lina upande wa pili. Baadaye mashine zilianza kutoa vitambaa vinavyofanana na vile kwa bei ndogo, mitindo ya mavazi ikabadilika, na mapato ya wafumaji yakashuka. Soko la kazi ya mikono hupanda na kushuka. Ujuzi, hata hivyo, haukupotea, na hadi leo kuna watu wanaofuma kwa namna ya Clones.

KIFURUSHI CHETU WENYEWE

Hakuna haja ya kusubiri kifurushi kutoka mbali. Kikundi kinaweza kukiandaa chenyewe kwa vitu vya sokoni. Tena hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu uzi ukiisha utapatikana mwingine. Kila mshiriki apate mfuko wenye vitu hivi:

1. Sindano moja ya kufumia yenye ndoano, ya unene wa milimita 4 au 5.
2. Donge moja la uzi wa sufi, wa unene wa kati na rangi nyepesi. Usianze na uzi mweusi au mwembamba sana, kwa kuwa mishono haionekani vizuri.
3. Sindano moja ya kushonea yenye tundu kubwa.
4. Karatasi yenye maelezo yaliyoandikwa kwa mkono au kupigwa chapa.

Mkasi na futi ya kupimia vinaweza kutumiwa na wote kwa zamu.

Tumechagua kufuma kwa sababu moja kubwa. Fundi cherehani akikosea kukata, kitambaa kimeharibika. Mfumaji akikosea anavuta uzi, mishono inafumuka, na uzi ni ule ule. Anayeogopa kukosea atapata ujasiri hapa. Mambo kama batiki yangoje baadaye, kwa kuwa baadhi ya rangi zake huhitaji magadi makali ya kostiki ambayo huunguza ngozi na macho, na hayafai kwa mtu asiye na msimamizi.

HATUA ZA KUFUMA MRABA

Hatua ya 1: Funga kitanzi chenye fundo linaloteleza. Kivishe kwenye ndoano na ukikaze kidogo tu.

Hatua ya 2: Zungusha uzi juu ya ndoano, uvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ni pete moja ya mnyororo. Endelea hadi zifike 16, bila kuhesabu kitanzi kilichopo kwenye ndoano.

Hatua ya 3: Ruka pete iliyo karibu kabisa na ndoano, kisha ingiza ndoano katika pete ya 2. Chukua uzi na uuvute. Sasa kuna vitanzi 2 kwenye ndoano. Chukua uzi tena na uuvute upite katika vyote 2. Huo ni mshono mmoja. Fanya hivyo kwa kila pete hadi mwisho. Hesabu: lazima upate mishono 15.

Hatua ya 4: Fuma pete 1 ya mnyororo, geuza kazi, na ufume tena mishono 15 juu ya safu ya kwanza. Rudia safu kwa safu.

Hatua ya 5: Urefu ukiwa sawa na upana, kata uzi ukibakiza kiasi cha shibiri moja. Upitishe ndani ya kitanzi cha mwisho na ukaze. Ficha ncha za uzi kwa sindano ya kushonea.

Tatizo la kawaida ni kipande kuanza mraba na kuishia pembetatu. Chanzo chake karibu kila mara ni mshono wa mwisho wa safu uliorukwa. Dawa ni kuhesabu kila safu. Ukipata 14, fumua safu hiyo moja na uirudie. Tatizo la pili ni kukaza uzi mno hata ndoano isiingie. Mwambie mwenzako alegeze mikono na apumue. Uzi utalegea pia.

Kwa uzi wa kiasi hiki, mraba huwa na sentimita 10 hivi kila upande. Washiriki 12 wakifuma miraba 4 kila mmoja, wanapata 48. Ikipangwa 6 kwa 8 na kushonwa pamoja, inakuwa blanketi la mtoto mchanga la sentimita 60 kwa 80. Hilo linaweza kupelekwa kwa mama aliyejifungua katika usharika.

BURUDANI NAYO INA KAZI YAKE

Baadhi yetu tumelelewa tukiamini kwamba kazi isiyoleta fedha ni kupoteza muda. Tufikiri tena. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la tiba ya kazi za mikono na shughuli lilichapisha matokeo ya maswali yaliyojibiwa na wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Wale waliofuma mara nyingi zaidi walisema wanajisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Ni kweli kwamba hayo ni maelezo yao wenyewe, na hayathibitishi kuwa kufuma kunaponya. Lakini mjane anayekaa peke yake jioni, mstaafu aliyezoea kuamkia ofisini, au dada anayemwuguza mgonjwa usiku, wote wanahitaji kitu ambacho mikono inaweza kukianza na kukimaliza.

Maandiko yanamtaja Dorkasi wa Yafa katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipofariki, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hatusomi kwamba aliziuza. Kazi ya mikono yake ilikuwa imewafunga pamoja.

NA BIASHARA JE?

Biashara si kosa. Kaya nyingi zinahitaji fedha, na kikundi kina haki ya kutafuta kipato. Tunachoomba ni hesabu ya kweli, ifanywe baada ya kujua kazi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: uzi umegharimu shilingi 4,000, kitambaa kimechukua saa 12, na kimeuzwa shilingi 10,000. Zinazobaki ni 6,000. Ukizigawa kwa saa 12 unapata shilingi 500 kwa saa. Je, mama huyo angepata zaidi kwa kuuza mboga? Kama ndiyo, basi aendelee na mboga zake, na kufuma kubaki pumziko lake. Asiyejua bado anatumia saa ngapi hawezi kufanya hesabu hii, na ndiyo maana mraba huja kabla ya daftari la faida.

Kwa hiyo kikundi kijiwekee alama tatu kabla ya kuzungumzia kuuza: kila mwanachama amemaliza angalau kazi moja, saa zilizotumika zimeandikwa, na kuna mtu asiye ndugu wala mwanachama aliyeomba kununua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kazi gani ya mikono iliyoanzishwa katika eneo letu ikakwama? Ilikwama katika hatua gani?
2. Bibi zetu walifundishana kazi zipi, na walimwanzisha mtoto kwa kipande gani?
3. Nani katika usharika wetu angefurahia kualikwa, ingawa hana fedha za kuchangia? Tutampatiaje mfuko wake?
4. Vifaa vyote vya kifurushi chetu vinapatikana wapi, na kwa bei gani leo?

Kwa mwezeshaji: Kipindi cha kwanza kiishie Hatua ya 3. Wanaokwenda haraka wawasaidie walio nyuma bila kuwanyang'anya kazi mikononi. Kila mtu aende nyumbani na mfuko wake, na kipindi cha pili kianze kwa kuweka miraba yote mezani, hata iliyopinda.



Mratibu wa Miradi, Dayosisi