Pikipiki Juu, Vidole Salama

Ndugu mfanyakazi, siku ya mapumziko unataka kutia mafuta mnyororo wa pikipiki yako. Huku Likasi, toka Kikula mpaka Panda, wengi huinua gurudumu la nyuma kwa tofali au kreti ya bia. Tofali la udongo hukaa vema ukutani, lakini chini ya chuma chembamba hupasuka bila kukuonya. Pikipiki ndogo ina kilo 100 na zaidi. Ikianguka, aliye karibu ni wewe, au mtoto aliyekuja kutazama.

Tazama kwanza chini ya pikipiki. Kama ina kisimamio cha katikati, chenye miguu miwili, na springi yake ni nzima, hicho chatosha. Usitupe feza bure. Kama hakuna, tafuta kisimamio cha nyuma: chuma kilichopindwa, chenye magurudumu mawili madogo na mikono miwili inayoshika uma wa nyuma, kushoto na kuume. Mikono ipanuke kwa kipimo cha pikipiki yako, iwe na mpira mahali inapogusa. Upana wa chini uzidi ule wa juu. Fundi wa kulehemu aweza kukutengenezea, lakini kagua kila kiungo: chenye ufa, kikatae.

Weka pikipiki mahali pagumu. Wakati wa mvua udongo wetu mwekundu hulainika. Tandika ubao mpana. Zima motere, toa ufunguo, ngoja bomba la moshi lipoe. Funga breki ya mbele kwa kipande cha mpira wa ndani wa kinga, maana gurudumu la mbele likitembea, yote huanguka. Mwenzako asimamishe pikipiki wima. Wewe ingiza mikono ya kisimamio sawasawa, kisha sukuma mpini chini polepole, mkono mmoja ukishika kiti. Wakati wa kushusha, fungua kwanza mguu wa pembeni.

Sasa jambo kubwa. Wako watu wanaowasha motere, wanatia gia, na kushika kitambaa juu ya mnyororo unaozunguka, ati kazi iende upesi. Kitambaa kinavutwa, na vidole vinafuata mpaka kwenye meno. Kiwandani hakuna fundi anayesafisha mkanda wa mawe kabla ya kukata umeme. Mbona nyumbani tunafanya hivyo? Zungusha gurudumu kwa mkono, gia ikiwa huru, na upake mafuta kwa brashi upande wa chini, mbali na meno. Usioshe mnyororo kwa esanse, hasa mama akiwa na mbabula uani.

Kidole kikinaswa, usikivute. Rudisha gurudumu nyuma kwa mkono, taratibu. Bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, vua pete mapema kabla haujavimba. Kipande kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Barafu yenyewe isiguse nyama. Nenda upesi hospitali pamoja na kipande hicho, na mtu mwingine aendeshe.