SOMO KWA VYAMA VYA MAFUNDI SEREMALA: KUFUNGA PATASI NA KEKEE KATIKA MASHINE KUUKUU YA KUTOBOA MATUNDU

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Mikoa ya Iringa na Mbeya haina upungufu wa mbao. Wilayani Mufindi liko Shamba la Miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, na misindano na mikaratusi ya wananchi imeenea vijijini. Lakini mbao ghafi haimpi mwanachama faida ambayo angeipata kwa mlango, dirisha au dawati. Mlango imara hushikwa na kiungo cha ulimi na tundu. Kwa hiyo mashine ya kutoboa tundu hilo ni mali ya thamani katika karakana ya chama.

Mashine kuukuu za Kiingereza, kama zile za Wadkin wa Leicester au Robinson wa Rochdale, ziliundwa kwa chuma kizito cha kusubu. Mwili wake hudumu miaka mingi. Kinachokwisha ni patasi na kekee. Aghalabu chama hununua vipuri vipya, navyo vikakataa kukaa, kisha kamati ikatamka kwamba mashine imekufa. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba mara nyingi mashine haijafa, ila imefungwa kipuri kisicho na kipimo chake.

1. Jinsi mashine inavyofanya kazi

Patasi yake ni ya mraba, yenye uwazi ndani. Kekee huzunguka ndani ya uwazi huo na kutoa kuni ya katikati. Patasi haizunguki, bali husukumwa chini kwa mkono wa mashine na kukata pembe nne. Basi kuna vitu viwili vinavyoshikwa mahali pawili: shina la patasi hushikwa katika kichwa cha mashine, na shina la kekee hushikwa juu zaidi, katika kishikio kinachozungushwa na mota.

2. Kupima kabla ya kununua

Mashina ya patasi hayana kipimo kimoja duniani. Yapo ya inchi 5/8 (milimita 15.9), ya inchi 3/4 (milimita 19.05) na ya inchi 13/16 (milimita 20.6). Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta patasi yenye shina la inchi 3/4 imefungwa katika tundu la inchi 13/16. Skrubu ilikuwa imeisukuma patasi upande mmoja, ikatoka katikati kwa kiasi cha milimita 0.8. Kekee ilisugua ukuta wa patasi, chuma kikapata moto hadi kugeuka rangi ya buluu, na ugumu wake ukapotea. Fedha za wanachama ziliungua pamoja nacho.

Dawa yake ni bushi, yaani mkono mfupi wa chuma uliopasuliwa ubavuni. Katika mfano huu ukuta wa bushi ungekuwa milimita 0.8 pande zote, ukakerezwa na fundi mwenye mashine ya kukerezea vyuma. Tundu la bushi ni lazima liwe katikati kabisa; likienda upande, ubaya ni uleule.

Kabla ya kuagiza, andikeni vipimo vinne: kipenyo cha tundu la kichwa, kipenyo kikubwa kinachoingia katika kishikio, urefu wa nafasi kati ya viwili hivyo, na upana wa patasi mnaoutaka. Shina la kekee likizidi urefu, hukatwa. Likipungua, halina dawa.

3. Kufunga kwa utaratibu

(a) Zimeni swichi kuu na kutoa fyuzi. Safisheni tundu na kishikio.

(b) Ingizeni patasi, lakini kati ya bega lake na kichwa cha mashine wekeni sarafu au kipande cha bati chenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Kazeni skrubu kidogo.

(c) Sukumeni kekee juu hadi midomo yake iguse patasi, kisha kazeni kishikio.

(d) Legezeni patasi, toeni sarafu, pandisheni patasi hadi bega liguse kichwa. Sasa nafasi kati ya kekee na patasi ni sawa na unene wa sarafu. Nafasi ikikosekana, vyuma husuguana. Ikizidi mno, maranda huziba na patasi hukwama.

(e) Wekeni guniya kwenye kizuizi cha meza, geuzeni patasi hadi ubavu wake ulale sawa, kisha kazeni. Dirisha la kutolea maranda lielekee urefu wa tundu.

(f) Zungusheni kekee kwa mkono. Mkisikia chuma kikikwaruza, rudieni kutoka (b).

(g) Toboeni matundu matatu yanayofuatana katika kipande cha mbao cha majaribio. Kuta zikiwa na meno kama msumeno, patasi haijanyooka.

Ikumbukwe pia kwamba kwenye umeme wa fezi tatu, nyaya mbili zikipishana, mota huzunguka kinyume. Hapo hata kekee mpya huunguza mbao badala ya kukata. Kekee itazamwapo kutoka juu izunguke kama mishale ya saa. Kazi ya kubadili nyaya ni ya fundi umeme.

4. Wajibu wa kamati

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vile vipimo vinne viandikwe katika daftari la mali, mbele ya jina la mashine, pamoja na tarehe ya kila kipuri kilichonunuliwa. Fundi akihama, vipimo visihame naye. Na kabla kamati haijapeleka kwenye mkutano mkuu pendekezo la kuuza mashine kama chuma chakavu, ipate taarifa ya maandishi ya fundi aliyeipima.

Maswali ya kujadili katika chama

1. Je, vipimo vya mashine yetu vimeandikwa wapi, na nani anavijua?
2. Kwa nini patasi inayolegea haiponywi kwa kukaza skrubu tu?
3. Ni kipuri gani tulichokinunua bila kupima, nacho kiko wapi sasa?