Vumbi la Kasulu na Kamera ya Gari

*Kati ya Kasulu na Kibondo, kiangazi, taa ya onyo ya breki zinazojifunga zenyewe huwaka katika gari la mtumba kutoka Japani. Je, gari limeharibika?*

Wasiwasi huo unaeleweka, lakini mara nyingi chanzo ni vumbi linaloziba kamera ya kioo cha mbele au rada, yaani kifaa kinachopima umbali kwa mawimbi ya redio, na mfumo usipoona hujizima, ilhali breki za kawaida hubaki salama. Kioo na nembo ya mbele, ambayo mara nyingi hufunika rada, vifutwe kwa kitambaa laini chenye maji, kisha gari lizimwe na kuwashwa upya. Taa ikiendelea kuwaka, au kioo kikiwa kimebadilishwa, fundi mwenye kompyuta ya kupimia magari ailenge kamera upya, kwa kuwa hitilafu ndogo ya pembe hupotosha umbali. Mfumo wa kuonya gari linapoacha njia yake, nao, husoma mistari iliyochorwa barabarani, hivyo kunyamaza kwake kwenye barabara ya udongo si ubovu.