Aota Imeshonwa, Mbona Mkojo Hautoki?

Tuanze na mtu mzima aliyepumzika. Kila dakika moyo wake husukuma lita tano hivi za damu, na karibu yote hupita kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni na kushuka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni. Juu kidogo ya kitovu huchepuka mishipa miwili, mmoja wa kila figo. Figo zote mbili zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini hupokea takriban moja ya tano ya damu yote.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu figo huchuja lita 180 za majimaji kwa siku, kisha huzirudisha mwilini karibu zote, ikabaki lita moja na nusu ya mkojo. Kuchuja hutegemea msukumo wa damu. Kurudisha chumvi ndiko kunakokula nguvu, na nguvu hutaka oksijeni. Ajabu ni kwamba sehemu ya ndani ya figo, penye kazi hiyo nzito, hupata damu kidogo sana. Hata kwa mtu mwenye afya, oksijeni yake haina akiba.

Sasa mfikirie mkazi wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambaye presha yake imekuwa juu kwa miaka bila yeye kujua. Ukuta wa aota una tabaka, kama koti lenye bitana. Siku moja bitana inachanika, damu inapenya katikati, na maumivu makali yanashika kifua hadi mgongoni. Mchaniko ukishuka mpaka kwenye mshipa wa figo, figo imeanza njaa kabla ya kisu. Na kisu kiko mbali: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, kilomita 840 kwa reli. Misafara ya zamani ilitembea njia hiyo kwa miezi. Ugonjwa huu, ukiwa karibu na moyo, huhesabiwa kwa saa.

Wakati wa upasuaji moyo husimamishwa na mashine hushika kazi yake. Mwili hupozwa ili uhitaji oksijeni kidogo, na pengine damu ya sehemu ya chini husitishwa kabisa kwa dakika kadhaa. Mashine nayo huvunja baadhi ya chembe nyekundu, na rangi inayomwagika kutoka ndani yake hudhuru vijineli, yaani mirija midogo ya figo. Daktari anaweza kushona vizuri kabisa, na figo zikaumia.

Ndiyo maana muuguzi hukodolea macho mfuko wa mpira wa mkojo. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vya mezani. Zikipungua hapo kwa saa sita mfululizo, figo zimeumia. Kretinini, taka ambayo figo huiondoa, hupanda polepole katika damu, hivyo mfuko mara nyingi husema mapema. Kazi ngumu ni presha: ikipanda mno inatishia mshono, ikishuka mno figo zinakosa damu.

Michael DeBakey, Mmarekani aliyeanzisha upasuaji huu miaka ya 1950, alichanika aota mwenyewe. Alipasuliwa Februari 2006 akiwa na miaka 97. Figo zikagoma, akasafishwa damu kwa mashine, akapona na kuishi hadi Julai 2008. Seli za vijineli huweza kuota upya kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kusafishwa damu si lazima kuwe kwa maisha yote.

Aliyenusurika asimeze dawa ya maumivu kama diklofenaki wala dawa za mitishamba bila kumwuliza daktari. Baadhi yake hupunguza damu ya figo zilizokwisha kuumia. Na wewe ambaye hujawahi kupima presha, nenda zahanati wiki hii. Kipimo hakichukui hata dakika tano.