Mkojo Kuzuilika Baada ya Upasuaji wa Nyonga au Goti

Mgonjwa aliyewekewa nyonga au goti la bandia huelekeza fikira zake zote kwenye mguu. Hata hivyo, katika saa za mwanzo baada ya upasuaji, muuguzi humwuliza pia iwapo amekwisha kukojoa. Swali hilo halikusudii kumfedhehesha. Ni sehemu ya matibabu.

Sababu zake
Dawa ya ganzi inayochomwa mgongoni hulaza kwa muda mishipa ya fahamu inayotoa habari kuwa kibofu kimejaa. Dawa kali za maumivu, kama morfini, hukidhoofisha kibofu kisijikamue vyema. Wanaume wazee ambao tezi dume zao zimekua wamo hatarini zaidi.

Asinyamaze
Kibofu chaweza kujaa pomoni bila mgonjwa kuhisi haja. Kikitanuka kupita kiasi, misuli yake huumia na huenda ikachelewa kupona. Mkojo uliotuama nao hukaribisha maambukizi. Kwa hiyo, mgonjwa ambaye hajakojoa, au anayetoa matone tu, amwarifu muuguzi bila kuona haya. Kibofu hupimwa kwa ultrasaundi juu ya tumbo, bila maumivu. Mgonjwa aweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa jinsia yake.

Mpira wa mkojo
Ikilazimu, mpira mwembamba huingizwa kibofuni ili kuutoa mkojo. Huondolewa mapema iwezekanavyo, kwani kadiri unavyokaa ndivyo hatari ya maambukizi inavyoongezeka. Mgonjwa asiuvute wala kuutoa mwenyewe. Mwislamu anayehofia tohara yake ajue kwamba maradhi ni udhuru, na mpira haumzuii kusali. Aombe kuonana na imamu wa hospitali.

Akisharudi nyumbani
Asipunguze kunywa maji ili kukwepa safari za msalani, isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango. Nchini Uingereza, apige simu 111 au amwone daktari wake iwapo:
- anahisi kuungua anapokojoa;
- mkojo una damu au harufu kali isiyo ya kawaida;
- ana homa.

Akishindwa kabisa kukojoa, aende idara ya dharura mara moja. Akichanganyikiwa ghafla au kupumua kwa shida, jamaa zake wapige 999.

Mkalimani wa Kiswahili hupatikana bila malipo. Mgonjwa ana haki ya kumwomba.