Tajriba na Utafiti katika Ufugaji wa Tarantula: Kipi Kitangulie?

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Makala haya mafupi yanadhamiria kuonyesha kwamba kauli hiyo, ijapokuwa ina mashiko, haimtoshi anayejifunza kufuga. Mfano wetu ni tarantula, buibui mkubwa mwenye vinyweleo ambaye hufugwa majumbani, hususan Ulaya na Marekani.

Buibui huyu anapojivua gamba, aghalabu hulala chali kwa saa kadhaa, miguu juu. Mfugaji asiyesoma humdhania maiti, akamtupa. Nyenje aliyetiwa kashani awe chakula naye huweza kumtafuna, maadamu mwili mpya ungali laini. Hapa tajriba hufunza, ila karo ya somo hulipwa kwa uhai wa mwingine.

Isitoshe, tajriba ina mipaka. Aliyemzoea Grammostola rosea wa Chile, ambaye kwa kawaida ni mpole, atadanganyika akimpata Pterinochilus murinus, ambaye makao yake ya asili ni pamoja na Kenya na Tanzania. Huyu ni mwepesi mno, hana vinyweleo vya kuwasha vya kujihami, na huwa tayari kuuma. Sumu yake huleta maumivu makali.

Hata hivyo, hakuna kitabu kiwezacho kuufunza mkono utulivu wa kufungua kasha. Kwa hivyo, utafiti utangulie, tajriba ifuate na kuukamilisha. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuendao nyanjani kabla ya kusoma, tujiulize: ni nani atakayelipa karo ya makosa yetu?