Shabaha ya Mishale ya Gharama Ndogo

Kila mtoto ajuaye kukata fito na kuifunga ugwe ajua kutengeneza upinde. Lakini shabaha ya kupigia, watoto wachache huifikiri. Huchukua upinde wao, wakapiga lolote lililo mbele yao: mlango wa zizi, mti wa mringaringa, chungu kilichopasuka, au kuku wa jirani. Mlango huvunja mshale, chungu humrudishia mshale yule aliyeupiga, na kuku huleta kesi kwa mzee. Basi mwenye upinde asiye na shabaha ni kama mwenye jembe asiye na shamba. Ana chombo, wala hana mahali pa kukitumia.

Twaweza kutengeneza shabaha njema kwa vitu vilivyomo kihambani mwetu, bila kununua kitu ila uzi. Lakini kabla ya kushika kazi, yatupasa tujue shabaha hufanya nini, maana asiyejua hilo atajaza gunia mchanga, au ataegemeza ubao, kisha atashangaa kuona mishale yake yote imevunjika siku moja.

Mtu akikutupia parachichi kutoka juu ya mti, hulidaki kwa mikono iliyokazwa. Huirudisha mikono nyuma kidogo, ili tunda lisimame pole pole. Ukiikaza, litapasuka, na mikono itakuuma. Ndivyo ilivyo kwa mshale. Chukua mshale wa mtoto wenye uzito wa gramu 20, utokao katika upinde kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde. Ukipiga ubao ukasimama ndani ya sentimita 2 tu, ncha yake husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na mzigo wa kilo 45 hivi. Lakini ukisimama pole pole, ndani ya sentimita 15, nguvu ile ni kama mzigo wa kilo 6 tu. Mshale ni ule ule, na mwendo ni ule ule. Kilichobadilika ni nafasi ya kusimamia. Kwa hiyo shabaha njema si kitu kigumu kinachouzuia mshale. Ni kitu laini kilichoshindiliwa sana, kinachoukamata mshale kwa kuubana pande zote.

Watu wa nchi nyingi walilijua jambo hili zamani. Huko Uingereza, mfalme Edward wa Tatu aliamuru mwaka 1363 kwamba wanaume wajifunze kupiga upinde siku za sikukuu, waache michezo mingine. Na vijijini walikuwa na vilima vya udongo vilivyofunikwa majani, ndivyo shabaha zao. Baadaye walisokota kamba nene za mabua makavu, wakazizungusha kama mtu aanzaye kushona kikapu, wakazishona pamoja mpaka zikawa duara kubwa. Wajapani nao hufunga mganda wa majani makavu ya mpunga, wakaukaza sana kwa kamba. Mwanafunzi husimama karibu nao mno, kiasi cha urefu wa upinde wake tu, hata hawezi kukosa. Mtu aweza kucheka akisikia habari hiyo. Lakini hapo mwalimu humtazama mwanafunzi asimamavyo, avutavyo na aachiavyo, wala hamwulizi amepiga wapi.

Kwetu Kilimanjaro, siku za Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, katika karne ya 19, silaha zilizosifiwa zaidi zilikuwa mkuki na ngao. Ukitaka kuwaona mabingwa wa upinde katika nchi ya Tanzania, hapana budi uende magharibi, mpaka Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Wako miongoni mwao ambao hata leo huwinda kwa upinde. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mchanga, akashinda akipiga mchana kutwa. Ndege na wanyama wadogo hupigwa kwa mishale ya mti mtupu uliochongwa ncha. Mishale yenye kigumba cha chuma na sumu ni ya wanyama wakubwa. Nasi katika kazi hii tutatumia mishale ya mti mtupu. Mtoto hana haja ya kigumba cha chuma.

Sasa tutafute vitu vyetu. Watoto wengi watasema: "Gogo la mgomba latosha." Ni kweli kwamba gogo la mgomba ni laini, limejaa maji na vyumba vidogo vya hewa, na mshale huingia humo bila kuvunjika. Tena halina bei, kwa sababu mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Kwa kujaribu siku moja lafaa. Lakini utomvu wake hutia mshale madoa meusi yasiyotoka na kuufanya unate, na baada ya siku chache gogo huoza. Zaidi ya hayo, ng'ombe wa ndani hulingojea gogo hilo kuwa chakula na kinywaji chake. Na mgomba uliosimama usiupige hata kidogo. Ni chakula cha nyumba, na jeraha ni mlango wa ugonjwa.

Majani makavu ya mgomba ndiyo yafaayo zaidi. Ni mepesi, hayavunjiki upesi, na yakishindiliwa hushika mshale kama vidole vingi. Mwombe mama kwanza, maana majani hayo hutandazwa chini ya migomba na mibuni ili udongo usikauke. Usiuache uchi udongo wake kwa ajili ya mchezo wako. Wakaao tambarare, upande wa Mabogini na Chekereni, wana majani ya mpunga baada ya mavuno, nayo ni mazuri sawasawa. Nguo kuukuu zisizovaliwa tena ni bora kuliko vyote kwa uzito, ila toa vifungo na zipu zote. Makapi ya kahawa na takataka za randa hazifai: humwagika katika kila tundu, na baada ya juma moja una gunia tupu. Mchanga ni mbaya zaidi, kwa sababu tuliyokwisha kueleza. Mpira wa gari usiutumie kamwe. Huurudisha mshale kwa mpigaji, na macho hayana akiba.

Gunia la juti, lile lichukualo kilo 60 za kahawa, ndilo bora. Kama halipatikani, mfuko wa sandarusi wafaa, ijapokuwa jua huuharibu upesi.

Anika majani yako juani siku mbili au tatu. Yakitiwa na unyevu yataoza ndani, na gunia litanuka nyumba nzima. Yakiisha kukauka, tia tabaka moja ya unene wa shubiri, ushindilie kwa mchi au kwa mguu, kisha tia nyingine, ushindilie tena. Pembe za gunia zikazie sana, kwa kuwa hapo ndipo wavivu huacha nafasi. Kazi hii huchosha, na watoto huiacha upesi kuliko ipasavyo. Gunia likionekana limejaa, jua kwamba limefika nusu tu. Endelea mpaka ukilikandamiza kwa goti lisibonyee ila kidogo. Kisha shona mdomo kwa shazia na uzi wa katani.

Bado jambo moja, nalo husahauliwa mara nyingi. Gunia likisimamishwa, majani hushuka chini pole pole, na juu hubaki kitambaa kitupu. Kwa hiyo pitisha shazia kutoka uso wa mbele mpaka wa nyuma, uirudishe, ukaze uzi na kufunga fundo, kama fundi ashonavyo godoro. Fanya hivyo mahali tisa au zaidi. Gunia litakuwa bapa na gumu zaidi, na majani hayatashuka. Unene usipungue shubiri moja na nusu, yaani sentimita 30 hivi.

Uso wa shabaha utengeneze kwa karatasi ya mfuko wa saruji, uliokung'utwa vizuri. Chomeka kijiti katikati, ukifunge uzi wenye mkaa mwisho wake, uzungushe. Duara ya kwanza iwe umbali wa sentimita 6 kutoka katikati, ya pili 12, ya tatu 18, ya nne 24, na ya tano 30. Rangi zitoke nyumbani pia: manjano ya jikoni kwa duara ya katikati, udongo mwekundu kwa ya pili, buluu ya kufulia kwa ya tatu, na masizi yaliyokorogwa kwa uji mwembamba kwa ya nne. Ya tano ipake chokaa. Huo ndio utaratibu wa rangi utumikao katika mashindano ya dunia, ambako uso mkubwa una upana wa sentimita 122 na hupigwa kwa umbali wa mita 70. Kwa desturi ya kale ya Waingereza, rangi ya katikati ilihesabiwa alama 9, kisha 7, 5, 3 na 1. Hesabu hiyo yatutosha.

Funga miti mitatu ya mgrivilea kwa juu, itanue miguu yake, uegemeze gunia hapo, uifunge karatasi juu yake.

Sasa twafika penye neno lililo kubwa kuliko yote katika somo hili: mahali pa kuiweka. Katika nchi ya jangwa mshale uliokosa huanguka mchangani. Kwetu sivyo. Vihamba vyetu vimebanana, migomba huficha watu, na nyuma ya majani yale pana njia, au mfereji ambako mtoto mdogo anachota maji. Mshale ule wa gramu 20, ukipigwa juu, huweza kuruka karibu mita 80. Ukipigwa kuelekea bondeni, huenda mbali zaidi. Aliyeupiga hatasikia hata kilio.

Lakini mlima wenyewe umetupa msaada. Kila kihamba kina mahali ambapo ardhi imekatwa, ikasimama kama ukuta. Weka shabaha mbele ya ukuta huo, na mpigaji asimame upande wa bonde akiutazama mlima. Ukuta uwe na urefu kumpita mtu mzima mwenye kuinua mkono, na usiwe na njia juu yake wala nyumba. Mahali penye ukuta mfupi kuliko huo pakatae, hata pakiwa karibu na nyumbani, hata wenzako wakikucheka. Wala usipige kamwe kuvuka masale ya mpaka. Wazee waliyapanda masale hayo ili watu wasigombane, na jani lake ndilo lililochukuliwa kwenda kuomba msamaha. Ni afadhali usiwe na sababu ya kulichuma.

Anza kwa hatua kumi tu. Mtu mzima awepo. Wapigaji wote wasimame katika mstari mmoja, na anayengoja akae nyuma yao. Hapana aendaye kuchukua mishale mpaka pinde zote zimelazwa chini. Unapochomoa mshale, tia kiganja kimoja juu ya gunia, kandokando ya mshale, uuvute kwa mkono wa pili moja kwa moja bila kuupinda. Na kabla ya kuvuta tazama nyuma yako, maana mshale uliokaza hutoka ghafula, na mwisho wake waweza kumchoma jichoni mwenzako aliyekuja kuhesabu alama.

Piga mshale wa kwanza kwa kujaribu. Ukizama mpaka manyoya, gunia ni legevu; fungua mdomo, uongeze majani. Ukiruka nyuma, ncha ni butu, au umejaza kitu kigumu mno. Ukiingia robo yake na kutulia, kazi yako ni njema.

Baada ya mchezo, liingize gunia ndani, mbali na moto wa jikoni, kwani majani yale huwaka kama petroli. Wakati wa masika usiliache nje hata usiku mmoja. Katikati huchakaa kwanza. Ligeuze juu chini, au mbele nyuma, na tundu likizidi lijaze vitambaa ulishone kiraka. Likichakaa kabisa, majani yake yatandaze zizini, ng'ombe ayalalie. Baada ya miezi michache yatakuwa samadi ya mibuni.

MASWALI. Kwa nini ubao huvunja mshale ambao gunia la majani haliuvunji? Kihambani kwenu, ni wapi penye ukuta wa ardhi ufaao, na juu yake pana nini? Mpigaji alipiga mishale sita: miwili katika manjano, mmoja katika nyekundu, miwili katika nyeusi, na mmoja ukaingia ardhini. Alipata alama ngapi?